Maddalena Cecconi na macho ya kuazima: uchambuzi wa mama katika filamu Bellissima

Katika studio za Cinecittà, nje kidogo ya kitovu cha Roma, mwanamke mmoja amejibanza ndani ya chumba cha mwendesha projekta akiwa na binti yake. Hakualikwa humo. Ameingizwa kwa hisani ya msichana anayefanya kazi ya kukata na kuunganisha filamu, na kupitia kidirisha cha kioo anatazama ukumbi mdogo ambamo wanaume kadhaa wamekaa kukagua majaribio ya kamera ya watoto waliogombea nafasi ya kuigiza. Zamu ya binti yake inafika. Kwenye skrini, mtoto mdogo aliyevalishwa nadhifu anatakiwa kuzima mishumaa ya keki. Anapuliza, mishumaa haizimiki. Anapuliza tena, haizimiki. Anaambiwa akariri shairi, maneno yanamkwama, na mwisho uso unakunjamana na kilio kinamtoka. Wale wanaume wanaangua kicheko. Mmoja anamwita kibeti. Kadiri mtoto anavyolia ndivyo wanavyozidi kucheka, na mama yuko nyuma ya kioo, akiona vyote viwili kwa wakati mmoja: kilio cha mwanawe na furaha ya wanaokitazama.

Filamu ni Bellissima ya Luchino Visconti, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 1951, na mwanamke huyo ni Maddalena Cecconi, anayeigizwa na Anna Magnani. Nimeanzia hapo, karibu na mwisho wa hadithi, kwa sababu naamini kisa chote cha Maddalena hakiwezi kupimwa kwa haki bila kujua kwamba kinaelekea kwenye kidirisha kile. Mara nyingi mhusika huyu hutajwa kwa ufupi kama mama mwenye uchu wa umaarufu, anayemsukuma mtoto jukwaani ili atimize ndoto zilizomshinda yeye mwenyewe, kisha akajifunza somo lake na kurudi nyumbani. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni mepesi mno kwa filamu hii. Visconti hakumchora mama mbaya anayetubu, wala mama mtakatifu anayeonewa. Alimchora mama anayefanya kazi kupita kiasi, anayehesabu kila lira, na ambaye kosa lake halikutoka mahali tofauti na pale ulipotoka upendo wake. Hilo ndilo jambo gumu, na ndilo linalostahili kuchambuliwa.

Hadithi yenyewe inasimulika kwa maneno machache. Inatangazwa kwamba mwongozaji Alessandro Blasetti, ambaye katika filamu hii anajiigiza mwenyewe, anatafuta msichana mdogo kwa ajili ya filamu yake mpya. Akina mama wa Roma wanamiminika Cinecittà na mabinti zao. Maddalena naye anampeleka Maria, mtoto wa miaka mitano hivi, mwenye kithembe, anayeonekana mdogo hata kati ya wenzake. Katika purukushani ya siku ya kwanza Maria anapotea na kwenda kucheza peke yake karibu na bwawa, na mama anazunguka akimwita huku akihofia kwamba jina lao litaitwa wakiwa hawapo. Hapo ndipo anapofahamiana na Alberto Annovazzi, kijana wa vijikazi vya hapa na pale studioni, anayejinadi kuwa ana watu wa kumsaidia. Kuanzia siku hiyo Maddalena anaingia katika mlolongo wa gharama: mpiga picha, shule ya baleti, mshonaji, saluni, mwalimu wa maigizo. Mume wake, Spartaco, hajui yote, na anapoyajua nyumba inawaka moto. Majaribio ya kamera yanafanyika, kicheko kile kinatokea, Maddalena anawavamia wakubwa na kuwauliza wanachocheka ni nini. Blasetti, akiwa ameguswa, anaamua kumchukua Maria. Mkataba unaletwa mpaka nyumbani usiku ule, na mama aliyehangaika kwa udi na uvumba kuupata anakataa kuutia saini.

Sasa turudi kwenye kazi yake, maana wachambuzi wengi huipita haraka ilhali filamu haikuipita. Maddalena huchoma sindano nyumba kwa nyumba. Katika Italia ya miaka ile, dawa nyingi zilitolewa kwa sindano, na wagonjwa waliotakiwa kuchomwa kila siku hawakuwa na sababu ya kwenda hospitali ikiwa mtaani kulikuwa na mwanamke mwenye mkono mwepesi anayefika mlangoni kwa malipo kidogo. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, likichemshwa kabla ya kutumiwa kwa mgonjwa mwingine. Ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi, ya kujua nani ana kisukari na nani anajidekeza tu, na malipo yake huja vipande vipande, mara nyingine kwa ahadi. Kwa hiyo kila Maddalena anapotoa pesa kwa mpiga picha au mshonaji, mtazamaji makini anaweza kuzibadili pesa hizo kuwa sindano, na sindano kuwa ngazi. Anapomkabidhi Annovazzi lira 50,000 ili zisaidie kulainisha njia, hizo si pesa za mchezo. Ni lundo la asubuhi nyingi.

Annovazzi, bila shaka, hakulainisha njia ya mtu yeyote. Alinunua pikipiki ya Lambretta.

Inavutia jinsi filamu inavyoushughulikia utapeli huu. Kwa mwandishi wa kawaida, hapo pangekuwa mahali pa mama kugundua ukweli, kulia, na kujuta. Visconti na waandishi wenzake, Suso Cecchi d'Amico na Francesco Rosi, wakiutegemea mswada wa awali wa Cesare Zavattini, walimnyima Maddalena nafasi ya kuwa mjinga. Katika tukio la kando ya mto, kijana anapojaribu kumtongoza, mama huyu anacheka. Anamkatalia bila kujifanya kwamba hakuelewa, bila hata kujifanya kwamba hakuvutiwa hata chembe, na bila kukata uhusiano, kwa sababu bado anamhitaji. Anajua anashughulika na mtu wa aina gani. Ameamua kwamba hata tapeli anaweza kufungua mlango, na kwamba bei ya mlango huo ataibeba yeye. Huko si kudanganyika. Ni kucheza kamari huku ukijua karata zimepangwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mwanamke aliyedanganywa huombewa huruma, lakini mwanamke aliyechagua huulizwa maswali.

Na swali la kwanza ni hili: je, uchaguzi wake ulikuwa wa kipuuzi? Mtu anayeitazama filamu hii leo akiwa ameketi kwenye kochi anaweza kusema ndiyo kwa wepesi, lakini Mroma wa mwaka 1951 asingesema hivyo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka sita tu nyuma. Cinecittà, iliyofunguliwa mwaka 1937 chini ya utawala wa Mussolini, ilikuwa imegeuzwa baada ya vita kuwa kambi ya wakimbizi, na sasa ilikuwa imerudi kwenye uzalishaji hadi Wamarekani wakaja kutengeneza humo filamu kubwa za Kirumi. Silvana Mangano alitwaa taji la urembo la Roma mwaka 1946, na miaka 3 baadaye alikuwa nyota. Lucia Bosè alishinda taji la Italia mwaka 1947, katika shindano ambalo Gina Lollobrigida naye alishiriki. Zaidi ya hayo, waongozaji wa mkondo ule wa uhalisia waliotamba baada ya vita walikuwa wakichukua watu wa kawaida barabarani. Lamberto Maggiorani, baba anayetafuta baiskeli yake katika filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Kwa mama wa mtaa wa wafanyakazi, mlango wa sinema haukuwa hadithi ya abunuwasi. Ulikuwa umeonekana ukifunguka, na waliopita walikuwa na majina.

Ambacho hakikuonekana kwa urahisi ni yale yaliyowapata waliopita kisha mlango ukawafunga nje. Filamu inalijibu jambo hili kwa ukatili wa kimyakimya ambao kila nikiurudia naona ni moja ya fikra bora kabisa za kazi hii. Yule msichana wa chumba cha kukata filamu, anayeitwa Iris, anamweleza Maddalena kwamba naye aliwahi kuchaguliwa. Aliigiza, watu wakamwona, akadhani maisha yamebadilika, akaacha aliyokuwa akiyafanya. Kisha hakuitwa tena, na sasa ameketi mezani akikata sura za wengine. Anayesema maneno hayo ni Liliana Mancini, ambaye kweli aliigiza mhusika mwenye jina hilohilo la Iris katika filamu ya Renato Castellani ya mwaka 1948, Sotto il sole di Roma. Yaani Visconti alimchukua msichana aliyeokotwa na sinema, akamweka mbele ya kamera ili aeleze ilivyo kuokotwa na sinema. Sauti yake ni ya kawaida, haina malalamiko. Ni kama mtu anayekuelekeza njia na kukutajia shimo lililopo, ukitaka usikie, usipotaka basi.

Maddalena anasikia. Uso wa Magnani hapo unatulia kwa namna ambayo haujawahi kutulia tangu filamu ianze. Hata hivyo bado anataka kuona majaribio ya mwanawe, na Iris huyohuyo ndiye anayemfungulia chumba cha projekta.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Katika kisa hiki aliyelilia wembe ni mama, na aliyekatwa ni mtoto. Maria hajaomba kitu chochote. Nikiwa na kipimo kimoja tu cha kumhukumu Maddalena, ningetumia sura ya Maria katika matukio ambayo hana neno la kusema: akiwa amesimama kwenye mstari wa baleti kati ya wasichana waliokwisha kuzoea, akigeuzwageuzwa na mshonaji, akikatwa nywele vibaya na mvulana mwanafunzi wa saluni huku mama ameshughulika na mambo mengine. Mtoto anatazama kando. Anachoka. Mara nyingine anatafuta kitu cha kuchezea. Kamera ya Visconti, ambayo muda mwingi humfuata mama kwa sababu mama ndiye anayepiga kelele, humkumbuka mtoto kwa vipindi vifupi, na vipindi hivyo vinatosha kuonyesha kwamba katika shughuli yote hii yeye ni mzigo unaobebwa kutoka duka hadi duka.

Hapa basi ndipo lilipo kosa la Maddalena, kama ninavyolielewa. Kosa si tamaa, maana kutamani mwanao asichome sindano kwenye ngazi za watu maisha yake yote si dhambi. Wala si ujinga. Kosa ni kwamba tangu siku ya tangazo alianza kumtazama Maria kwa macho ya kuazima. Alijiuliza wangemwonaje: nywele zake wangezionaje, kimo chake, kithembe chake, miguu yake katika baleti. Neno bellissima, ambalo maana yake ni mzuri mno, mzuri kupita wote, ni neno ambalo mama yeyote wa Kiitalia humwambia mtoto wake bila kufikiri, kama vile sisi tunavyomwita mtoto malaika au mboni ya jicho. Halihitaji mashahidi. Maddalena alilichukua neno la nyumbani akalipeleka ofisini ili ligongwe muhuri, na kuanzia hapo likageuka dai linaloweza kukataliwa. Na alipoketi nyuma ya kidirisha kile, aliyaona hayo macho ya kuazima yakiwa kwenye nyuso za wenyewe. Wanaume wale walikuwa wakimtazama Maria kama alivyokuwa akijaribu kumtazama yeye kwa majuma mazima, yaani kama kitu cha kupimwa, na kipimo kilikuwa kicheko.

Ndiyo maana hasira yake inapolipuka si hasira ya mama ambaye mwanawe ameshindwa mtihani. Hawaulizi kwa nini hawakumchagua. Anawauliza wanacheka nini. Baada ya hapo anatoka na mtoto, wanakwenda kuketi kwenye benchi gizani, na analia akiomba msaada bila kumwomba mtu yeyote. Tukio ni fupi. Magnani, ambaye tangu mwaka 1945 watazamaji walimkumbuka kama Pina wa filamu Roma città aperta, anayekimbia nyuma ya lori la Wajerumani akipiga mayowe hadi anapigwa risasi, hapa hapigi mayowe. Sauti inamtoka kwa shida, mtoto akiwa pajani kwake.

Uamuzi wa kumpa Magnani nafasi hii unastahili neno, kwani una mtego ndani yake. Kuna tukio ambamo Maddalena yuko mbele ya kioo akichana nywele na kujiuliza kuigiza ni kitu gani hasa; akijifanya kuwa mtu mwingine, basi si ameshaigiza? Anayesema hayo ni mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini, akijifanya mwanamke asiyejulikana na mtu ambaye anajifanya mwigizaji. Kichekesho hicho kina uzito. Katika nyumba ile ya Waroma, Maddalena ndiye mwenye kipaji. Anaigiza mbele ya wateja, mbele ya Annovazzi, mbele ya mume. Katika ugomvi mkubwa na Spartaco, mayowe yake yanawaita majirani, wanawake wanene wanaopanda ngazi kwa wingi wakijaza chumba, na mtazamaji anabaki akijiuliza ni kiasi gani cha kilio kile ni maumivu na kiasi gani ni kutafuta mashahidi. Sidhani kama Maddalena mwenyewe angeweza kugawanya. Mwanamke asiye na fedha zake za kutosha wala neno la mwisho nyumbani hutumia sauti, na sauti ikitumika mara nyingi hugeuka ufundi.

Spartaco mwenyewe, anayeigizwa na Gastone Renzelli ambaye hakuwa mwigizaji kwa taaluma, ni mume anayeelezwa kwa mistari michache: mkubwa wa mwili, mzito wa maneno, mkono mwepesi anapokasirika. Ana hoja yake kuhusu pesa, na hoja hiyo ni halali. Lakini ni haki kuona kwamba wakati wote wa misukosuko, malezi ya Maria hayako mikononi mwake. Yeye hupinga, mama ndiye anayefanya. Hata kama angekuwa sahihi kwa kila neno, usahihi wake haujawahi kumbeba mtoto juu ya ngazi.

Nije kwenye muziki, ambao wengi huuchukulia kama pambo. Filamu inaanza na kwaya ya redio ikiimba kipande cha opera ya Gaetano Donizetti ya mwaka 1832, L'elisir d'amore, na muziki uliopangwa na Franco Mannino unaendelea kuchota kutoka humo. Katika opera hiyo kuna tapeli mmoja, Dulcamara, anayezunguka vijijini akiuza dawa ya mapenzi ambayo kumbe ni divai tu. Wimbo wa tapeli huyo ndio unaosikika Blasetti anapoingia. Blasetti hakuligundua jambo hilo wakati wa upigaji filamu, na alipolijua baadaye alilalamika. Visconti akamjibu kwamba tapeli si yeye peke yake, bali ni wote wanaotengeneza sinema, wanaowatia akina mama na mabinti ndoto vichwani na kuwauzia divai kwa jina la dawa. Jibu hilo linabadilisha kesi nzima. Kama kuna mshtakiwa, basi wanaotengeneza ndoto wako kizimbani kabla ya anayeinunua, na mwongozaji amejiweka mstari wa mbele.

Hata hivyo siwezi kumwachia Visconti sifa zote bila kumwuliza jambo moja. Ili kuonyesha ukatili wa kurekodi kilio cha mtoto, ilibidi kilio cha mtoto kirekodiwe. Tina Apicella, aliyeigiza Maria, alikuwa mtoto wa kweli mbele ya kamera ya kweli, na sisi tunaosifu tukio lile tunaketi katika viti vinavyofanana sana na vile vya wanaume wa ukumbini. Tofauti ni kwamba hatucheki. Sina hakika kwamba tofauti hiyo inatosha. Filamu yenyewe inaonekana kulijua tatizo hili, maana imeweka kidirisha na mama nyuma yake, ili kila tunapomtazama mtoto tukumbuke kuna mtu anayetutazama sisi.

Linabaki tukio la mkataba, ambalo nadhani ndilo linalosomwa vibaya kuliko yote. Watu wa filamu wanafika nyumbani na karatasi. Fedha zinatajwa, majirani wameshasikia, Spartaco amekaa. Maddalena anarudi na mtoto aliyelala. Anasikiliza, kisha anakataa. Maneno yake, kwa mukhtasari, ni kwamba hakumzaa binti yake ili awe kichekesho cha watu, na kwamba kwake yeye na kwa baba yake, Maria ni mzuri. Neno la nyumbani limerudi nyumbani. Spartaco anasimama upande wake, wageni wanaondoka, na mwanamke anaanguka kitandani akilia huku mume akimbembeleza.

Usomaji wa haraka unaona hapa ushindi wa familia: mke aliyepotea njia amerejea, mume alikuwa sahihi tangu mwanzo, mlango unafungwa. Nakiri kwamba filamu inaruhusu usomaji huo, na mwaka 1951 bila shaka ulikuwa faraja kwa watazamaji wengi. Lakini tazama kinachotokea kwa hesabu. Fedha alizotumia hazijarudi. Lira 50,000 zinatembea barabarani zikiwa na magurudumu mawili. Mkataba ulioletwa ungezilipa zote na kubakiza nyingine, na yeye, ambaye hakuna aliyekuwa na haja ya pesa kuliko yeye, ndiye aliyesema hapana. Spartaco anaweza kukataa kwa heshima. Maddalena anakataa kwa gharama. Kesho yake mkoba wa sindano utatoka tena, na ngazi zitakuwa zilezile, na deni litakuwa mgongoni mwa yuleyule. Sioni mke aliyenyenyekea. Ninamwona mtu aliyeshinda mnada kisha akakataa kukiuza kilichokuwa mnadani, huku akijua fika kwamba atamlipa dalali.

Ninachokosa katika mwisho huo ni neno la Maria. Mama amemwokoa kutoka kwenye macho ya watu bila kumwuliza, kama alivyompeleka mbele ya macho hayo bila kumwuliza. Mtoto wa miaka mitano haulizwi mengi, ni kweli. Lakini filamu iliyokuwa na uangalifu wa kutuonyesha akichezea maji ya bwawa peke yake siku ya kwanza ingeweza, nadhani, kumwachia sekunde chache zaidi siku ya mwisho. Magnani alitunukiwa Nastro d'argento, tuzo ya filamu ya Italia, kwa uigizaji huu mwaka 1952, na anastahili kila gramu yake. Ila nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba wakati mwingine mtoto anatoweka ndani ya kivuli cha mama anayempigania.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linanizuia kulifunga jalada la Maddalena kama mtu aliyepona maradhi ya sinema. Nyumba yao imepakana na ua ambamo filamu huonyeshwa wazi nyakati za usiku, na mapema katika hadithi tunamwona akiitazama filamu ya Kimarekani ya wachunga ng'ombe akiwa amesahau uchovu wote, huku Spartaco asione kuna nini hapo cha kushangaza. Usiku ule wa mkataba, baada ya kilio, baada ya wageni kuondoka, sauti inapenya tena kutoka uani. Maddalena, machozi hayajakauka, anainua sikio. Ni Burt Lancaster, anasema, anavyopendeza! Upande wa pili Maria amelala, hajui kama amechaguliwa wala kama amekataliwa.